Fomu, daftari, hesabu au kinasa sauti: utumie nini kutazama somo la lugha ya kigeni sekondari?

Mwalimu wa Kifaransa anauliza, «Qu'est-ce que tu as fait hier ?» (Jana ulifanya nini?) Mvulana wa safu ya pili anasimama, anakuna kichwa, anajibu, «Hier, j'ai allé au cinéma.» (Jana nilienda sinema, lakini kwa kosa.) Mwalimu anatabasamu: «Ah, tu es allé au cinéma. Très bien ! Et toi ?» (Ah, ulienda sinema. Vizuri sana! Na wewe?) Kidole chake kimeshamgeukia msichana wa pembeni. Yote hayo yamechukua sekunde kama 20.

Kosa la mvulana ni lile ambalo karibu kila anayejifunza Kifaransa hulipitia: kitenzi aller (kwenda) katika wakati uliopita hakiandamani na avoir (kuwa na), kinaandamana na être (kuwa). Mwalimu amelisahihisha kwa kulitamka upya likiwa sawa, mazungumzo yakiendelea, kisha akampa sifa. Je, mvulana ametambua kwamba amesahihishwa, au amesikia sifa peke yake na kukaa chini akiwa radhi na j'ai allé yake?

Wewe uliyeketi nyuma, uwe mwanachuo wa ualimu, mkuu wa idara au mwalimu mwenza, utatoka na nini kuhusu sekunde hizo 20? Inategemea umekuja na nini mkononi. Nimetazama masomo ya lugha kwa njia zote nne ninazozilinganisha hapa, na kila moja imewahi kunificha kitu ambacho nyingine ingenionyesha. Kwa hiyo nazipima zote kwa tukio hilo moja la mvulana.

Fomu ya alama

Hii ndiyo utakayokabidhiwa mara nyingi, hasa ukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Ina vipengele 15 au 20, kila kimoja na alama 1 hadi 5: maandalizi, matumizi ya ubao, udhibiti wa darasa, ushirikishaji wa wanafunzi, usahihishaji wa makosa. Tukio letu litaingia humo kama tarakimu moja tu: usahihishaji wa makosa, 4. Mtazamaji mwingine aliyeketi kiti cha jirani ataandika 2, na wote wawili watakuwa na hoja. Wa kwanza ameona kosa limerekebishwa bila kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Wa pili ameona mtoto hakupewa nafasi ya kulisema upya. Fomu haikumbuki hoja hizo, inakumbuka 4 na 2.

Siidharau. Anayelazimika kutazama walimu 12 katika muhula mmoja na kuwatendea haki anahitaji kitu kinachouliza mambo yale yale kwa kila mmoja. Tatizo ni kwamba fomu nyingi zimetungwa kwa ajili ya somo lolote lile, historia au hisabati au jiografia. Kwenye lugha ya kigeni mambo ni tofauti, kwa sababu kinachofundishwa ndicho hicho hicho kinachotumika kufundishia. Fomu isiyouliza ni lugha gani inasemwa, na nani, na kwa kazi gani, imeliacha somo lenyewe nje ya mlango. Kama huna namna ya kuikwepa, ijaze kipindi kikishaisha, ukitegemea kitu kingine ulichokiandika somo likiendelea. Ukiijaza papo hapo utajikuta unatafuta kisanduku huku darasa linakupita.

Daftari

Daftari ni kinyume cha fomu: halikuulizi chochote. Hapo ndipo uzuri na hatari yake vinapokaa pamoja. Mvulana wetu ataonekana humo akiwa mtu mzima na kichwa chake anachokikuna, na tabasamu la mwalimu, na kidole kinachohama mapema mno. Lakini utamwona hivyo endapo tu ulikuwa unamtazama. Watu wengi wanaoingia na daftari kwa mara ya kwanza huandika mwalimu alichofanya kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba wanafunzi ni viti. Si kosa lao, mwalimu ndiye anayesogea na ndiye mwenye sauti. Dawa ninayoijua ni mahali pa kuketi. Usikae nyuma kabisa ambako utaona migongo. Omba kiti cha pembeni kuelekea mbele, karibu na ukuta, unapoweza kuona nyuso kwa kugeuza shingo kidogo.

Gawa ukurasa safu tatu. Ya kwanza iwe ya saa, ya pili ya kilichotokea, ya tatu ya unachofikiri. Mstari wa tukio letu ungekuwa hivi:

*9:14 | Mwl: jana ulifanya nini? Mvl safu ya 2: "j'ai allé". Mwl anarudia "tu es allé", anasifu, anahamia jirani. Mvl anakaa, hasemi kitu, anamtazama rafiki. | Amelisikia sahihisho?*

Tofauti ya safu ya pili na ya tatu ndiyo inayoamua kama daftari lako litafaa kitu. "Wanafunzi wamechoka" ni la safu ya tatu. "Wanne wa nyuma wameinamisha vichwa juu ya madawati" ni la safu ya pili. Ukichanganya hizo mbili, mwalimu akisoma maandishi yako atajitetea badala ya kufikiri, na mimi nisingemlaumu.

Daftari linashindwa kwenye wingi. Baada ya kipindi utasema "mwalimu alitumia sana lugha waliyoizoea wanafunzi." Sana ni kiasi gani? Dakika 5? Dakika 25? Kumbukumbu hukuza kile kilichokuudhi na kupunguza kilichokupendeza.

Kuhesabu, na mchoro wa madawati

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo njia inayoogopwa bure.

Mfumo uliovuma kuliko yote ni wa Ned Flanders, Mmarekani aliyegawa mazungumzo ya darasani katika aina 10: 7 za mwalimu, 2 za mwanafunzi, na 1 ya kimya au vurugu. Mtazamaji huandika namba ya aina kila baada ya sekunde 3. Piga hesabu: kipindi cha dakika 40 kinataka namba 800. Tukio la mvulana lingekuwa mfululizo mfupi: 4 (mwalimu anauliza), 8 na 8 (mwanafunzi anajibu), 3 (mwalimu anatumia wazo la mwanafunzi), 2 (anasifu), 4 tena. Safi kabisa, isipokuwa kosa halimo. Mfumo huo haukutungwa kwa ajili ya lugha, haujui kwamba j'ai allé si sawa, wala haujui mwalimu anaongea lugha gani.

Gertrude Moskowitz aliuchukua akaupanua kwa madarasa ya lugha za kigeni, ikiwemo alama ya kuonyesha ni lini darasa limerudi kwenye lugha ya kwanza. Mwaka 1984 Patrick Allen, Maria Fröhlich na Nina Spada walitoa mfumo mwingine, COLT, uliotengenezwa mahsusi kwa ufundishaji wa kimawasiliano, yaani ule unaomfunza mwanafunzi lugha kwa kuitumia kuwasiliana. Sehemu yake ya kwanza hujazwa somo likiendelea: shughuli gani, darasa zima au vikundi, mada ni maana au ni umbo la lugha, nani ameichagua. Sehemu ya pili hushughulikia mazungumzo yenyewe, na hiyo hufanywa baadaye kwa kusikiliza sauti iliyorekodiwa. Hebu zingatia hilo: hata wataalamu walioutunga walikubali kwamba sikio la mtu mmoja darasani haliwezi kudaka yote mawili kwa pamoja.

Kwa mtu asiye mtafiti, mifumo hiyo kamili ni mizito. Mimi hutumia toleo la kimaskini ambalo linahitaji saa ya mkononi tu. Kila dakika inapoanza nainua macho, nasikiliza, naandika herufi moja: K kama kinachosemwa ni lugha ya kigeni, Z kama ni lugha waliyoizoea, M kama ni mchanganyiko, na kistari kama ni kimya. Kando ya kila Z naongeza neno moja la sababu: sarufi, maelekezo, nidhamu, mzaha. Mwisho wa dakika 40 nina alama 40, na ule mjadala wa "sana" umekwisha. ACTFL, baraza la walimu wa lugha za kigeni la Marekani, lilipendekeza mwaka 2010 kwamba asilimia 90 au zaidi ya muda wa darasani itumike katika lugha inayofundishwa. Ukikubaliana nao au usikubaliane, huwezi hata kuanza kubishana bila hesabu ya namna hii. Mimi binafsi sihesabu kila Z kuwa dhambi. Dakika 2 za kueleza kanuni ya sarufi kwa lugha wanayoielewa zinaweza kuokoa robo saa ya kuigiza kwa mikono. Z za nidhamu ndizo zinazonitia shaka. Mwalimu akihamia lugha waliyoizoea kila anapokasirika, darasa hujifunza kwamba lugha ya kigeni ni ya mchezo na hii nyingine ndiyo ya mambo ya kweli.

Flanders aliacha pia kile kinachoitwa kanuni ya theluthi mbili: kwa theluthi mbili ya muda kuna mtu anaongea, na theluthi mbili ya maongezi hayo ni ya mwalimu. Ipeleke kwenye kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 40. Maongezi ni kama dakika 27, mwalimu anachukua karibu 18, wanafunzi wanabaki na 9 za kugawana. Ni sekunde 13 kwa kila mmoja, na hapo tumejifanya kwamba wanagawana sawasawa.

Hawagawani, na hilo ndilo mchoro wa madawati unalionyesha. Kabla somo halijaanza chora visanduku, kimoja kwa kila mwanafunzi. Mwalimu akimwuliza mtu, chora mshale unaoingia kwenye kisanduku chake. Mwanafunzi akianza mwenyewe bila kuulizwa, mshale utoke. Darasa likiitikia kwa pamoja, weka alama pembeni ya karatasi, usiigawie visanduku, kwani kuitikia kwa pamoja ndiko maficho makubwa ya darasa la lugha: sauti 12 za mbele zinatosha kufunika midomo 28 iliyofungwa. Raymond Adams na Bruce Biddle walieleza mwaka 1970 jinsi ushiriki unavyorundikana mbele na katikati ya darasa. Mara nyingi mchoro wako utasema hivyo hivyo kabla kipindi hakijafika nusu.

Mvulana wetu kwenye mchoro ni mshale mmoja unaoingia, basi. Kosa limepotea tena. Kama unataka makosa, yahesabu yenyewe: kila kosa linapotokea, andika mwalimu alifanya nini (aliacha, alisahihisha, alirudia likiwa sawa, alimwachia mwanafunzi amalizie), na baada ya hapo ndiyo au hapana: je, mwanafunzi alisema kitu kuhusu lile kosa? Safu mbili tu, na hazimchoshi mtu.

Kurekodi

Safu hizo mbili si za kwangu asili. Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha mwaka 1997 uchambuzi wa zaidi ya saa 18 za masomo yaliyofundishwa kwa Kifaransa na kurekodiwa Kanada, walimu wanne, wanafunzi wa shule za msingi. Walikuta kwamba njia iliyotumika kuliko zote ni ile ya mwalimu wetu, kurudia kauli ikiwa sawa: asilimia 55 ya masahihisho yote. Lakini ni asilimia 31 tu ya marudio hayo yaliyofuatwa na mwanafunzi kuitikia lolote. Mwalimu alipomsukuma mwanafunzi atafute mwenyewe, kwa mfano kwa kuanza sentensi na kunyamaza katikati, mwanafunzi aliitikia kila mara. Nambari kama hizo hazipatikani kwa daftari. Zinataka kurudisha sauti nyuma, mara tatu, mara nne.

Rekodi pekee ndiyo itakayokwambia kama mvulana, wakati anakaa, alinong'ona «suis allé», umbo lililo sawa, chini ya pumzi. Ndiyo pia inayopima kimya. Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi, aligundua kwamba walimu hungoja kama sekunde 1 baada ya kuuliza swali, na kwamba wakingoja 3 majibu hurefuka. Kwa anayetunga sentensi katika lugha asiyoimudu, sekunde 1 haitoshi hata kutafuta kitenzi. Ukiwa darasani utaona tu mwalimu "ana kasi nzuri".

Sasa gharama. Wanafunzi wa sekondari wengi wao ni watoto kisheria, kwa hiyo ruhusa ya shule na ya wazazi itafutwe mapema, na ijulikane nani atasikia rekodi hiyo na lini itafutwa. Kinasa sauti kikiwekwa mezani pa mwalimu kitamdaka mwalimu vizuri na wanafunzi kama mvumo wa mbali. Kazi ya wawiliwawili, ambayo ndiyo moyo wa somo la lugha, itakuwa kelele tupu usipoweka kinasa cha pili kwenye dawati mojawapo. Halafu kuna muda: kuandika neno kwa neno dakika 10 za sauti hunila saa nzima, na mimi nimezoea. Nimewahi kuwa na masomo sita kamili kwenye simu ambayo sikuyasikiliza hata mara moja. Ukitaka kurekodi, amua kabla ni dakika zipi 10 utakazozifanyia kazi.

Kuhusu hofu kwamba kamera inabadilisha darasa: ni kweli, lakini hata wewe unalibadilisha. Mwanaisimu William Labov aliandika juu ya mkanganyiko huo: tunataka kujua watu wanavyosema wasipotazamwa, na hatuna njia ila kuwatazama. Dawa ya vyote viwili ni kurudi. Kipindi cha kwanza ni cha maonyesho, cha tatu darasa limeshakusahau.

Kama hiyo lugha huijui

Wakuu wengi wa shule hutazama somo la lugha wasiyoijua hata neno, wakajiona hawana la kusema. Nadhani wanakosea. Asiyeijua lugha ameketi mahali pa mwanafunzi. Mwalimu akitoa maelekezo na wewe ukaelewa nini cha kufanya kwa mikono yake, picha na mfano aliouonyesha, basi na darasa limepata pa kushika. Ukipotea, tazama kama wanafunzi nao wanachungulia daftari la jirani. Kwa mtu wa aina hii daftari la maneno halifai na hesabu ya makosa haiwezekani, lakini mchoro wa madawati na herufi za kila dakika zinafanya kazi bila upungufu wowote.

Basi uchukue ipi

Mwanachuo anayetazama ili ajifunze kufundisha: daftari la safu tatu katika vipindi viwili vya kwanza, kisha hesabu ya makosa. Ukianza na hesabu utajua namba kabla hujajua unahesabu nini.

Mkuu wa idara mwenye fomu ya lazima: mchoro na herufi wakati wa somo, fomu baadaye. Ikiwa una nafasi moja tu katika muhula, kiri hivyo kwenye ripoti. Kipindi kimoja cha sarufi hakisemi chochote kuhusu mwalimu anavyoendesha mazungumzo.

Mwalimu anayetaka kujitazama mwenyewe hana budi kurekodi, kwa kuwa hawezi kufundisha na kuchora. Sauti inatosha. Video humfanya mtu ashughulike na nywele zake.

Wenza wawili wanaotazamana kwa zamu wanaweza kuchagua chochote, mradi anayefundisha ndiye aseme anataka kutazamwa nini. Mwaka mmoja mwenzangu aliniomba nimtazamie "ushiriki". Nilichora. Tulipoketi baada ya kipindi sikusema neno, nilimsogezea karatasi.

"Mwalimu, hii safu ya dirishani mbona nyeupe?" akauliza.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu."

Akaitazama kitambo. "Wale ndio wanaopata alama za juu kwenye mtihani wa kuandika. Kumbe sijawahi kuwasikia."

Wiki iliyofuata hakuhamisha madawati, alihamisha miguu yake: alifundisha nusu ya kipindi akiwa amesimama upande wa dirisha. Akaniomba nirudi, na safari hii nilete kinasa.